Mfanyakazi Akiondoka na Namba za Wateja Wako

Tuseme una saluni. Msusi wako wa miaka mitatu anaaga vizuri, kisha wiki mbili baadaye wateja wako wanapata ujumbe: "Tumefungua karibu na steji, karibuni." Namba alizitoa wapi? Kwa simu yake mwenyewe, kwa sababu ndiyo mliyokuwa mkitumia kuhakikisha malipo yameingia.

Mzozo kama huu ukifika kortini, mara nyingi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kuna vitu viwili vya kutenganisha. Ujuzi wa kusuka ni wake, ataenda nao popote. Orodha ya wateja, bei unazonunulia bidhaa na taarifa ya miamala ya till ni mali ya biashara. Wengi hukimbilia kuandika mkataba wa kumzuia asifanye kazi hiyo miaka mitano. Sheria ya Kenya, Sura ya 24, inaipa korti uwezo wa kuutupa mkataba kama huo ikiona masharti yamezidi. Kwetu sisi, sentensi mbili za kutunza siri za biashara, zilizotiwa sahihi siku ya kwanza, zina nguvu zaidi.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Jina na namba ya simu ni data ya mtu. Anayeichukua bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3, kufungwa hadi miaka 10, ama vyote viwili. Lakini usishangilie mapema: wewe ndiwe mtunzaji. Data ikitoka na mteja akawa katika hatari ya kudhurika, unapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Kwa hivyo laini ya malipo iwe ya biashara, si ya mfanyakazi. Siku anayoondoka, toa namba yake kwenye till na ubadilishe PIN. Mshahara wake wa mwisho usiuzuie ati mpaka arudishe daftari. Hapo utajiletea kesi yako mwenyewe.

Na kama wewe ndiye mteja uliyetumiwa ujumbe huo, waulize namba yako waliipata wapi. Una haki ya kuwakataza kukutumia matangazo, na wakiendelea, peleka malalamishi kwa Ofisi ya Kamishna wa Data.