"Stock": kutoka kijiti cha deni hadi cheti cha hisa

Mfanyabiashara wa jumla akisikia neno la Kiingereza "stock" huwaza magunia yaliyomo ghalani. Dalali wa soko la mitaji huwaza hisa. Katika soko la London, neno hilohilo limetumika kwa miaka mingi kutaja deni la serikali. Neno ni moja, mali ni tatu, na anayezichanganya anaweza kununua asichokusudia.

Asili yake ni shina au gogo la mti. Katika Hazina ya wafalme wa Uingereza, tangu karne ya 12, malipo yaliwekewa kumbukumbu kwa kukata mapengo kwenye kijiti. Pengo la upana wa kiganja lilikuwa pauni 1,000. La dole gumba, pauni 100. La kidole kidogo, pauni 20. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu. Kipande kirefu, kilichoitwa "stock", alipewa mtoa fedha. Kifupi kilibaki Hazina. Siku ya hesabu vipande vilioanishwa, na udanganyifu ukaonekana.

Serikali ilipopungukiwa ilikopa kwa vijiti hivyo, na waliokuwa navyo waliviuza kwa bei pungufu. Wakati huo neno lilikwisha kubeba maana ya mtaji pia: kampuni ya East India, iliyoanzishwa mwaka 1600, iliendeshwa kwa mtaji wa pamoja, yaani "joint stock". Mwaka 1697 Bank of England iliongeza mtaji wake na kukubali vijiti kuwa sehemu ya malipo. Aliyekuwa anaidai serikali akawa mmoja wa wenye benki.

Vijiti vilikomeshwa mwaka 1826. Vilipochomwa mwaka 1834, moto uliteketeza majengo ya Bunge mjini London.

Kiswahili kilichukua njia nyingine: "hisa", neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake fungu. Nairobi nako soko lililoanzishwa mwaka 1954 kwa jina la "Stock Exchange" lilibadilishwa mwaka 2011 kuwa "Securities Exchange", jina linalobeba hisa na hatifungani pamoja.

Kwa hiyo, mwekezaji, kabla ya kutia sahihi uliza: nanunua fungu au nakopesha? Mwenye hatifungani ameahidiwa riba na siku ya kurudishiwa fedha zake. Mwenye hisa husubiri gawio iwapo faida ipo, na kampuni ikifilisika hulipwa wa mwisho, kama kimebaki kitu.