Pambo la sebule kutokana na pakiti za unga

Mai Mahiu, yaani 'maji moto' kwa Kikuyu, ni mji wa matrela na upepo wa bondeni. Huko, kama Nairobi, pakiti za unga za karatasi hutupwa ovyo. Msomaji, zihifadhi utengeneze taa.

Pulizia baluni, uipake mafuta ya kupikia. Chemsha vijiko vitatu vya unga wa ngano kwa kikombe cha maji hadi uwe uji mzito, uache upoe. Chana karatasi vipande vyembamba, uvipake uji, uvibandike tabaka mbili, ukiacha mdomo wazi. Anika kivulini siku mbili, maana jua kali hupasua baluni. Itoboe, uitoe, kisha kata maua na nyota kwa wembe. Kazi hiyo ni ya mtu mzima.

Sasa jambo kuu: usitie mshumaa wala koroboi ndani. Upepo kidogo tu, nyumba ya mbao imeteketea! Hata balbu ya kizamani ya wati 60 huchoma karatasi. Tumia balbu ya LED ya wati 3 au taa ndogo ya sola, isiguse karatasi. Usiku, nyota zitajichora ukutani.