Pamba, Viwanda na Utumwa: Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Marekani ya mwaka 1860 ilikuwa nchi moja yenye uchumi wa aina mbili. Majimbo ya Kaskazini, kama Massachusetts na Pennsylvania, yalikuwa na viwanda vya nguo na chuma, mabenki, na sehemu kubwa ya reli zote za nchi. Kusini, kuanzia South Carolina hadi Texas, utajiri ulitoka shambani, na zao kuu lilikuwa pamba.

Zao hilo lilishika kasi baada ya mwaka 1793, Eli Whitney alipobuni mashine ya kutenganisha nyuzi na mbegu. Mashamba yakasogea magharibi hadi ng'ambo ya mto Mississippi, na kufikia 1860 pamba peke yake ilileta zaidi ya nusu ya mapato ya bidhaa zilizouzwa nje. Nyingi ilikwenda Liverpool, kulisha viwanda vya Uingereza. Nyingine ilifumwa Kaskazini, na nguo zake, merikani, zikafika Unguja na kuenea bara.

Nyuma ya biashara hiyo kulikuwa na jasho lisilolipwa. Watu karibu milioni 4 walikuwa watumwa Kusini: walinadiwa sokoni, walirithishwa, hata kuwekwa rehani ili bwana apate mkopo. Bei yao kwa jumla ilizidi thamani ya reli na viwanda vyote vya nchi.

Ugomvi mmoja uliosikika mapema ulihusu ushuru wa forodha. Wenye viwanda waliutaka uwe mkubwa ili bidhaa za Uingereza zisiwaharibie soko. Wenye mashamba, waliouza pamba nje na kununua bidhaa kutoka nje, waliona wanakamuliwa. Mwaka 1832 South Carolina ilitangaza kuwa sheria ya ushuru ni batili kwake. Lakini hoja hii hutiwa uzito usiostahili: ushuru ulipunguzwa mwaka 1846, ukapunguzwa tena mwaka 1857, na sheria iliyoupandisha ilipitishwa Machi 1861, majimbo 7 ya Kusini yakiwa yamekwisha kujitenga na Marekani.

Jambo lisilopatanishika lilikuwa ardhi ya magharibi. Pamba huchosha udongo, na bei ya watumwa ilitegemea mashamba mapya. Wakulima wadogo wa Kaskazini nao waliitaka ardhi hiyohiyo, bila kushindana na kazi ya bure. Sheria ya 1854 ilipowaachia walowezi wa Kansas na Nebraska waamue wenyewe kuhusu utumwa, damu ilimwagika Kansas. Abraham Lincoln, aliyepinga utumwa kuenezwa, alishinda uchaguzi wa Novemba 1860. Desemba South Carolina ikajitoa. Jimbo la Mississippi, lilipofuata, lilitamka waziwazi katika tamko lake kuwa sababu ni utumwa. Mapigano kati ya Kaskazini na Kusini yakaanza Aprili 1861.

Meli za Kaskazini zilizifunga bandari za Kusini. Pamba ikaadimika viwandani, na huko Unguja merikani ikapungua, nguo za Uingereza na India zikichukua nafasi yake. Vita viliisha mwaka 1865, na Desemba mwaka huo utumwa ukafutwa kikatiba. Walioachwa huru hawakulipwa ujira wa miaka waliyofanyishwa kazi. Wengi walirudi kulima pamba katika ardhi ya watu wengine, kwa kugawana mavuno.