Injini Iliyofungwa Upya Isipokewe Ikiwa Baridi

Gari ya umma inapotoka karakana baada ya injini yake kufunguliwa na kufungwa upya, desturi iliyozoeleka ni kuiwasha, kusikiliza mngurumo wake, kutazama kama taa nyekundu ya oili imezimika, kisha kutia saini. Desturi hiyo haitoshi. Injini yaweza kunguruma vizuri asubuhi, na taa ikazimika, na pamoja na hayo ikawa imebakiza safari chache tu kabla ya kuanza kugonga.

Yafaa kwanza ieleweke presha ya oili ni kitu gani. Kazi ya pampu ni kusukuma oili. Presha yenyewe huzaliwa pale oili inapolazimika kupenya katika nafasi nyembamba iliyopo baina ya kranki na beringi zake. Kwa kranki yenye shingo ya upana wa inchi 2, nafasi hiyo huwa kiasi cha milimita 0.05, sawa na unywele mwembamba. Nafasi ikizidi, oili huvuja upesi, presha huanguka, na chuma husagana na chuma.

Oili baridi ni nzito na haivuji kwa wepesi. Kwa hiyo geji hupanda juu hata kama beringi zimelegea. Oili ikishapata moto huwa nyepesi, na hapo ndipo ukweli hudhihirika. Ama ile taa nyekundu, katika gari nyingi huzimika presha ikifika pauni 5 hadi 7 tu kwa inchi ya mraba. Taa hiyo hutangaza msiba uliokwisha kufika mlangoni, haithibitishi uzima.

Tuchukue mfano wa Land Rover Series III ya petroli, yenye injini ya lita 2.25, iliyoundwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985. Kitabu cha mtengenezaji chataka presha ya pauni 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba, injini ikiwa moto, gari ikienda maili 30 kwa saa katika gia ya juu. Ndugu wasomaji watazame: imetajwa presha, umetajwa moto wa injini, na umetajwa mwendo. Kipimo kisichotaja mambo hayo matatu ni uvumi.

Fundi mwangalifu huanza kazi hii kabla ya kuwasha. Huijaza pampu oili au mafuta ya mgando ili isivute hewa. Huchomoa plagi, akaizungusha injini kwa stata mpaka geji ipande. Injini ikiwashwa na geji isipande katika sekunde chache, huizima mara moja. Halafu hufunga geji ya kupimia mahali pa swichi ya oili, maana geji ya dashibodi huweza kusema uongo. Huendesha gari mpaka injini ipate moto barabara, ndipo huandika anachokiona.

Presha ikionekana ndogo, dawa si kumimina oili nzito. Huko ni kuufunika ugonjwa shuka. Sababu haina budi kutafutwa. Pengine vali ya kupunguzia presha imekwama wazi kwa uchafu. Pengine chujio la pampu limezibwa na vipande vya silikoni, au pampu yenyewe imelika. Pengine kranki imechongwa saizi ya 20 ikavishwa beringi za saizi ya 10.

Jambo hili halimhusu fundi peke yake. Kwetu Visiwani, kranki na beringi hutufikia kwa bahari. Injini ikifa wiki chache baada ya kutengenezwa, fedha ya umma hulipwa mara mbili, na wakati huo mgonjwa wa kijijini hungojea gari iliyoinuliwa juu ya matofali.

Kwa hiyo tunasema wazi: mkuu wa idara asitie saini mpaka apewe karatasi yenye mambo manne. Nayo ni presha injini ikiwa baridi. Presha ikiwa moto na inazunguka taratibu. Presha ikiwa moto na katika mwendo. Na aina ya oili iliyotiwa. Tarakimu hizo zilinganishwe na kitabu cha gari hiyo, si cha gari nyingine. Kipimo kirudiwe oili ya kwanza inapobadilishwa, na karatasi zote mbili zikae katika faili la gari.

Watakuwapo watakaosema kwamba huko ni kuchelewesha kazi. Kupima hakuzidi muda wa kwenda mjini na kurudi. Tena karatasi hiyo humlinda fundi mwaminifu: dereva akiiendesha gari bila ya oili na injini ikafa, fundi hatabebeshwa lawama isiyo yake. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Gari ya umma ni amana, na amana hupokewa kwa kipimo.