Ametoa kwa Nani?

Walionishtua ni sisimizi. Binti yangu, wakati huo ana miaka 9, alianza kuamka usiku mara tatu, mara nne, na kwa kuogopa giza la njia ya chooni akawa anakojoa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba. Asubuhi nikifagia uwanja nakuta sisimizi wamejazana pale kama mtu kamwaga uji wa sukari. Jagi la maji halimtoshi. Sare aliyoshonewa Januari ikawa inamning'inia. Tulikoanza tiba walisema malaria. Siku ya tatu pumzi yake ilinuka embe lililoiva kupita kiasi, anahema kama aliyekimbizwa. Tukatoka naye Mbwawa kwa bodaboda hadi hospitali ya Tumbi. Mashine ya kupimia ilishindwa kutoa namba, jinsi sukari ilivyokuwa juu.

Mama mkwe alikuja wodini na chupa ya uji. Alimshika mjukuu wake mguu, akauliza taratibu: "Kwetu hakuna sukari. Huyu ametoa kwa nani, mwanangu?"

Nafundisha sayansi shule ya msingi, na sikuwa na jibu. Nimekaa na swali lile miaka minne.

Nyuma ya tumbo la chakula limelala kongosho, na ndani yake mna visiwa vidogo vya seli. Humo seli za beta hutengeneza insulini, inayoitoa sukari kwenye damu iingie kwenye misuli. Katika kisukari aina ya kwanza, kama walivyouita ugonjwa wa binti yangu, seli hizo huuawa, na kwa kawaida muuaji ni kinga ya mwili wenyewe. Pipi hazihusiki. Wala jicho la mtu.

Kinga inamgeukiaje mwenye nyumba? Sisi Wazaramo tuna jando, nami naeleza jambo hili kwa mfano wake. Askari wa kinga waitwao seli T hupitia kumbini kwanza, na kumbi lao ni tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Humo, kwa amri ya jeni iitwayo AIRE, huonyeshwa vipande vya protini za viungo vingi vya mwili, insulini ikiwemo. Askari anayeking'ang'ania kipande cha nyumbani kwa ukali hatoki. Hufia mle mle. Wapo wanaoponyoka, na hao huko nje hudhibitiwa na seli T nyingine zenye kazi ya kutuliza, alizozieleza Shimon Sakaguchi wa Japani mwaka 1995. Mwaka 2025 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, waliogundua FOXP3, jeni inayoziongoza seli hizo.

Vipande vile huandaliwa juu ya protini za HLA, kama juu ya sinia. Jeni zake ziko kromosomu ya 6, seti moja ya baba, moja ya mama. Wataalamu wanaamini kwamba masinia fulani hukishika kipande cha insulini ovyo, kumbini kisionekane sawasawa, na askari mkorofi akahitimu. Kwa Wazungu, aina ziitwazo DR3 na DR4 ndizo za hatari, na mtoto mwenye zote mbili, moja kwa kila mzazi, yuko pabaya zaidi. Lakini hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake huweza kubaki mzima. Na zaidi ya wagonjwa 8 katika 10 hawana ndugu wa karibu mwenye maradhi haya.

Basi, mama, ametoa kwetu sote, na hakuna aliyempa ugonjwa.

Liko jambo linalotuhusu zaidi huku. Utafiti uliotoka mwaka 2025, wa vijana 894 wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini walioambiwa wana aina ya kwanza, ulikuta takriban asilimia 65 hawana kingamwili zinazoonyesha kwamba kongosho limeshambuliwa. Insulini imewaishia, lakini huenda si kwa njia ya kumbini. Binti yangu hajapimwa kingamwili hizo. Natamani sana apimwe, yeye na watoto wote wa Pwani, kwa sababu tunatibiwa kwa vitabu vilivyoandikwa kwa miili ya wengine. Madaktari wa Dar es Salaam waliohesabu kwa miaka 10, 1982 hadi 1991, walipata wagonjwa wapya 1.5 tu kwa mwaka katika kila watu 100,000 wenye umri chini ya miaka 20. Mimi nawaza wale waliozikwa kwa jina la malaria.

Insulini ya binti yangu tunaitunza kwenye mtungi. Kichupa kimo ndani ya kopo lenye kifuniko, kopo limo ndani ya chungu kidogo, chungu kimezungukwa na mchanga ndani ya mtungi mkubwa, na mchanga humwagiwa maji asubuhi na jioni. Mama mkwe ndiye mwenye zamu ya jioni, na hachelewi.

Mdogo wa binti yangu ana miaka 6. Wanaohesabu mambo haya Ulaya na Marekani wanasema ndugu wa mgonjwa huugua kama watano au sita katika mia. Kila asubuhi, kabla sijashika ufagio, napita kwanza chini ya mkorosho.