Mafumbo ya hesabu ya darasa la saba: mwulize mtoto kwanza, "Ya nini?"

Mtoto anayejua kuzidisha na kugawanya bila shida anaweza kukwama kabisa akipewa hesabu ileile ndani ya maneno. Mwandikie 3/4 × 16, atakujibu 12. Mwambie mvuvi aliuza robo tatu ya ndoo 16 zilizobaki, ataanza kukuna kichwa, au atachukua kila namba anayoiona na kuizidisha na nyingine, akitumaini jibu litatokea.

Hesabu za namna hii ndizo mafumbo, na katika mtihani wa Hisabati wa kumaliza elimu ya msingi unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huwa hazikosekani. Kwa watoto wetu wa Musoma, Bunda na Butiama, na wa visiwani kama Rukuba, kuna mzigo mwingine juu yake. Mtoto anayezungumza Kijita, Kikwaya, Kiruri au Kijaluo nyumbani analazimika kwanza kuelewa Kiswahili cha swali, ndipo aingie kwenye hesabu yenyewe. Neno moja kama "zilizobaki" likimpita, swali zima limempita.

Wazazi wengi hujiona hawana msaada hapa kwa sababu shule waliiacha zamani. Lakini mama anayeuza dagaa kwa ndoo na baba anayenunua petroli ya injini ya mtumbwi wanafanya mafumbo haya kila siku. Kinachohitajika ni swali moja fupi ambalo mzazi yeyote anaweza kumwuliza mtoto kila anapokutana na namba: "Ya nini?" Tuone linavyofanya kazi. Namba na bei tulizotumia ni za mfano tu, isipokuwa zile za Ziwa Victoria lenyewe.

Sehemu: theluthi ya nini?

Mvuvi wa Rukuba alipata ndoo 24 za dagaa. Aliuza 1/3 ya ndoo hizo mwaloni. Kisha aliuza 3/4 ya ndoo zilizobaki kwa mchuuzi kutoka Musoma mjini. Alibakiwa na ndoo ngapi?

Mtoto mwenye haraka hutafuta 1/3 ya 24, anapata 8. Halafu anatafuta 3/4 ya 24, anapata 18. Anajumlisha: 8 + 18 = 26. Hapo hesabu yenyewe inapiga kelele, maana mvuvi ameuza ndoo 26 wakati alikuwa na 24.

Mwulize: robo tatu ya nini? Atarudi kwenye swali na kuona kwamba si ya ndoo zote, ni ya zilizobaki. Baada ya kuuza 8, zilibaki 16. Robo tatu ya 16 ni 12. Kwa hiyo 16 − 12 = 4. Mvuvi alibakiwa na ndoo 4.

Sehemu haina maana ikisimama peke yake. Robo ya mkate na robo ya shamba zote ni robo, lakini si sawa. Ni lazima ijulikane kitu kizima ni kipi, na ndani ya fumbo moja kitu kizima kinaweza kubadilika katikati ya safari.

Asilimia: mia ya nini?

Asilimia ni sehemu pia, ila kitu kizima kimegawanywa mara 100. Kwa hiyo mtego wake ni uleule.

Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri, mzigo hupungua mwaloni na bei hupanda. Tuseme ndoo ilikuwa Sh. 20,000, ikapanda kwa 25%. Giza liliporudi, bei ikashuka kwa 25%. Je, imerudi Sh. 20,000?

Wengi watajibu ndiyo, hata watu wazima. Tuhesabu. 25% ya 20,000 ni 5,000, kwa hiyo bei ilipanda hadi Sh. 25,000. Iliposhuka kwa 25%, ilikuwa 25% ya nini? Ni ya bei mpya, yaani ya 25,000, nayo ni 6,250. Bei sasa ni Sh. 18,750. Asilimia ni ileile, lakini kitu kizima kimebadilika.

Faida nayo iko hivyo. Ukinunua ndoo kwa Sh. 20,000 na kuiuza Sh. 25,000, faida ni Sh. 5,000. Shuleni asilimia ya faida huhesabiwa kutoka bei ya kununulia, kwa hiyo ni 5,000 kwa 20,000, sawa na 25%. Mtoto akigawanya kwa bei ya kuuzia atapata 20% na atakosa alama, ingawa kugawanya kwake hakuna kosa.

Mfano wa kweli ni ziwa letu. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tanzania ina 51% ya eneo hilo, Uganda 43% na Kenya 6%. Jumlisha: 51 + 43 + 6 = 100. Ziwa zima limegawanywa bila kubaki wala kuzidi. Eneo la Tanzania basi ni 51/100 × 68,800, ambalo ni kilomita za mraba 35,088.

Viwango: kwa kila nini?

Katika mafumbo ya mwendo, mafuta au bei, angalia maneno "kwa kila". Hapo swali letu linageuka kidogo: kwa kila nini?

Injini ya mtumbwi hutumia lita 6 za petroli kwa kila saa. Kutoka kisiwani hadi nchi kavu ni dakika 40. Petroli ni Sh. 3,000 kwa kila lita. Kwenda na kurudi kunahitaji shilingi ngapi za petroli?

Kwenda na kurudi ni dakika 80. Mtoto akizidisha 6 × 80 anapata lita 480. Mwambie afikirie pipa la lita 200. Je, mtumbwi huo utamaliza zaidi ya mapipa mawili kwa safari moja? Yeyote aliyekulia kisiwani atacheka, na kicheko hicho ni uhakiki tosha wa jibu.

Lita 6 ni kwa kila saa, si kwa kila dakika. Dakika 80 ni saa 80/60, yaani saa 1 na 1/3. Sasa 6 × 4/3 = 8. Zinahitajika lita 8. Na kwa kuwa bei ni kwa kila lita, 8 × 3,000 = Sh. 24,000.

Ujazo: mita za nini?

Urefu hupimwa kwa mita, eneo kwa mita za mraba, ujazo kwa mita za ujazo. Maneno yanafanana, lakini vitu ni vitatu tofauti. Mtoto anayejua kwamba mita 1 ni sentimita 100 huandika kwamba mita 1 ya ujazo ni sentimita za ujazo 100. Sivyo. Ni 100 × 100 × 100, yaani 1,000,000.

Lita nayo tuiweke mahali pake. Chukua kiboksi chenye urefu, upana na kimo cha sm 10 kila upande. Ujazo wake ni 10 × 10 × 10 = sentimita za ujazo 1,000, na hiyo ndiyo lita moja. Katika boksi la mita 1 kila upande, viboksi hivyo vinaingia 10 kwa urefu, 10 kwa upana na 10 kwenda juu, jumla 1,000. Ndiyo maana mita 1 ya ujazo ni lita 1,000. Mtoto akiiona hivyo hatahitaji kukariri.

Turudi ziwani. Kina cha wastani cha Ziwa Victoria ni mita 40 hivi. Ujazo wake ni eneo mara kina, lakini 68,800 ni kilomita za mraba na 40 ni mita. Haviwezi kuzidishwa hivyo. Mita 40 ni kilomita 0.04, na 68,800 × 0.04 = 2,752. Vitabu huandika kwamba ziwa hili lina kilomita za ujazo zipatazo 2,750. Maana yake, mtoto wa darasa la saba anaweza kupima ziwa zima kwa kalamu.

Yote kwa pamoja

Tenki la maji ya mvua lina urefu wa m 2, upana wa m 1.5 na kimo cha m 1.2. Limejaa 3/4. Familia hutumia ndoo 9 za lita 20 kwa kila siku. Maji yatatosha siku ngapi?

Ujazo wa tenki: 2 × 1.5 × 1.2 = mita za ujazo 3.6, sawa na lita 3,600. Robo tatu ya nini? Ya tenki zima: 3/4 × 3,600 = lita 2,700. Kwa kila siku: 9 × 20 = lita 180. Basi 2,700 ÷ 180 = siku 15.

Watoto hukaririshwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni msaada mkubwa namba zikishapangwa. Lakini haimwambii mtoto namba ipi aiandike wapi. Hilo linatoka kwenye maneno ya swali.

Mzazi afanye nini jioni

Kwanza, mtoto asome fumbo kwa sauti, kisha akusimulie kisa chake kwa lugha mnayozungumza nyumbani, bila kutaja namba. Akishindwa kusimulia, tatizo haliko kwenye hesabu, na kumkemea hakutasaidia.

Pili, kwa kila namba aliyoiona mwulize: ya nini? Kwa kila nini?

Tatu, kabla ya kukokotoa akisie. Jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko tulichoanza nacho?

Nne, akipata jibu alirudishe kwenye kisa. Je, linawezekana huku kwetu, mwaloni au shambani? Hapa mzazi asiyejua hata kusoma anaweza kuwa msahihishaji mzuri kuliko kitabu.

Wapeni watoto hili leo. Mchuuzi alinunua kilo 60 za dagaa wakavu kwa Sh. 5,000 kwa kila kilo. Mvua ikaharibu 10% ya mzigo. Akauza zilizobaki kwa Sh. 6,000 kwa kila kilo. Alipata faida ya asilimia ngapi?

Wengine watasema bei imepanda kwa 20%, mzigo umepungua kwa 10%, basi faida ni 10%. Lakini 20% ile ni ya bei ya kilo, na 10% ile ni ya mzigo. Alitumia Sh. 300,000. Zilibaki kilo 54, akapata Sh. 324,000. Faida ni Sh. 24,000, ambayo ni 8% ya mtaji wake. Anayedhani amepata 10% anahesabu Sh. 30,000 mfukoni, na hizo 6,000 za ziada atazitafuta hadi achoke.