Kigingi Kilichosahauliwa Mchangani



Ndugu msomaji, ukiwa umejaaliwa kuhiji, basi mahema ya Mina unayajua. Lakini mahema yale hayapigwi na kung'olewa kila mwaka. Baada ya moto wa Aprili 1997, ulioteketeza maelfu ya mahema na kuua mamia ya mahujaji, serikali ya Saudia ilisimamisha mahema ya kudumu yasiyoshika moto. Haji huingia na kutoka asiulize kigingi kiko wapi. Hema ninalotaka kulizungumza leo ni lile jengine: la usiku mbili tatu, linalopigwa jangwani kwa mikono ya wenyewe, na kwa mikono hiyo hiyo likakunjwa.

Mwaka juzi, katika majira ya baridi, nilikwenda Muscat kuwazuru jamaa. Kule Oman ziko nyumba nyingi ambazo Kiswahili bado ndiyo lugha ya jikoni na barazani, na mgeni kutoka pwani yetu hajioni mgeni. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, safari hii hurudi Mombasa bila ya kulala mchangani." Tukapakia magari mawili, tukaelekea Rimal al-Sharqiya, jangwa ambalo wengi wamezoea kuliita Wahiba. Vilima vyake vya mchanga hufikia kimo cha mita 100, na mchanga wenyewe ni laini mithili ya ule wa Shela.

Watoto waliposhuka garini walivua viatu mara moja. Haukupita muda tukasikia ukelele. Mjukuu wangu, binti wa miaka saba, alikuwa amekanyaga ncha ya nondo iliyochomoza mchangani kiasi cha ukucha. Waliotutangulia mahali pale walikata kamba yao, wakakunja hema, wakaenda zao, chuma wakakiacha. Baba yake alimfunga kidonda kwa kitambaa safi, akamkimbiza mjini Bidiya, akashonwa na kudungwa sindano ya pepopunda. Sisi tuliobaki tulisimama tukikitazama kile chuma. Kilikuwa kidogo mno kwa maumivu yale.

Jirani yetu wa kambi, mzee wa Kibedui, alikuja kutupa pole. Alitukuta tunapiga vigingi vyetu wenyewe, akatuuliza swali moja: "Mmevihesabu?" Hatukuwa tumevihesabu. Akaketi, akatusimamia kazi tangu mwanzo.

Jambo la kwanza alilotuonyesha ni kwamba upepo hausukumi hema tu, bali huliinua. Tena nguvu yake haiongezeki kwa kipimo cha mwendo wake: upepo ukienda kasi mara mbili, nguvu huwa mara nne. Ndiyo maana hema lililotulia alasiri huweza kuruka usiku.

Mahali petu palikuwa na ardhi ya namna mbili. Upande mmoja, chini ya mchanga mchache, palikuwa na changarawe ngumu. Huko tulitumia nondo nane. Nondo hupigwa kwa kuinamishwa, kichwa kikielekea mbali na hema, na kamba hufungwa karibu kabisa na ardhi. Ikifungwa juu, chuma hutikisika mpaka kikalegea. Kigingi kiwe mbali na nguzo kwa umbali usiopungua kimo cha nguzo hiyo, ili kamba isisimame wima. Na kichwa cha nondo kikunjwe kama mpini wa bakora, kwa faida mbili: kamba haichomoki, na mguu wa mtu haukutani na ncha. Kisichokunjwa huvikwa chupa tupu ya plastiki. Kamba nazo zifungwe vitambaa vyeupe, zionekane gizani.

Upande wa pili ulikuwa mchanga mtupu, na mchanga mkavu haushiki kigingi. Huko tulizika magunia manne. Unachimba handaki fupi la kina cha goti, likikingama na njia ya kamba. Unajaza gunia mchanga, unalifunga kamba katikati, unalilaza, unalifukia na kulikanyaga. Hapo upepo hauvuti gunia peke yake, bali huvuta na mchanga wote uliolilalia. Wasafiri wa majangwani tangu zamani wamefanya hivyo kwa fungu la kuni au jiwe.

Waarabu waliishi na hema hata likaingia katika elimu yao. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya 8 aliyetokana na kabila la Azd la Oman, alipoweka elimu ya mizani ya mashairi aliuita mstari wa shairi *bayt*, yaani nyumba, na viungo vyake akaviita *sabab*, kamba, na *watad*, kigingi. Katika neno hilo la *bayt* ndimo ulimotoka ubeti wetu, na sababu tunayoitaja kila siku ni ile kamba. Nyumba nzima, basi, imesimama juu ya vitu vidogo ambavyo mgeni hata havioni.

Mjukuu wangu alirejea magharibi amelala begani kwa baba yake. Usiku ule upepo ulivuma mpaka karibu na alfajiri, na hema letu halikusogea.

Siku ya tatu tulikuwa na haraka ya kurudi. Kung'oa nako kuna adabu yake. Nondo iliyokaza haivutwi kwa gari, kwani kamba ikikatika hurudi kama mjeledi, na chuma kikichomoka huruka kama mkuki. Hugongwa kidogo huku na huku, kisha hushikwa kwa koleo la kubana na kuzungushwa mara mbili tatu. Ikishazunguka, ardhi imeiachia. Huvutwa kwa kufuata njia ile ile iliyoingilia. Ikikataa, humwagiwa maji ikaachwa mpaka ardhi ilainike. Magunia nayo hufukuliwa na kumwagwa mchanga wake, kwani gunia la plastiki likipigwa na jua huchanika vipande vipande, na ngamia hula plastiki ikawaua. Mwisho mashimo hufukiwa.

Yote hayo tuliyajua. Lakini vijana wetu, kwa pupa, walifungua kamba zote kwanza ili wazikunje vizuri, ndipo wakageukia vigingi. Na kamba ndiyo dalili ya mahali kigingi kilipo. Upepo ulikuwa umefukia vichwa vya baadhi yake.

Binti alikuwa ameketi kwenye mlango wa gari, mguu umefungwa bendeji, kazi yake kuhesabu. Magunia manne yalitimia. Nondo zikawa saba.

"Babu, moja haipo," akasema.

Kijana mmoja akasema nondo moja thamani yake si kitu, tutanunua nyengine. Ilikuwa kweli, dukani haifiki bei ya chakula cha mchana. Nami, nakiri mbele yenu, nilikuwa nimechoka na nilikwisha kukaa garini. Mtoto hakubishana na mtu. Alivuta mlango ukabaki wazi, akautoa nje mguu wake uliofungwa, akasema hatuondoki.

Tulishuka sote. Tulipima kwa hatua kutoka mahali pa nguzo, tukapapasa mchanga kwa mikono karibu nusu saa, mpaka baba yake akagusa chuma.

Nchini Kuwait, ambako kupiga kambi jangwani ni ada ya majira ya baridi, wenye kambi huwekeshwa dhamana ya fedha, wakarudishiwa mahali pakionekana safi. Ni utaratibu mzuri. Lakini sisi tumefunzwa tangu chuoni kwamba kuondoa kinachodhuru njiani ni tawi katika matawi ya imani. Na ikiwa kuondoa udhia wa mwenzio ni imani, kuondoa ulioutia wewe mwenyewe ni deni. Dhamana yake ni mguu wa mtu usiyemjua, atakayekuja baada yako na watoto wake, nao wavue viatu.

Basi ukipiga hema popote, hesabu kabla hujapiga nyundo ya kwanza, na umpe mtoto daftari aandike idadi. Siku ya kuondoka usifungue kamba kabla ya kung'oa kigingi chake. Na usiwashe gari mpaka mtoto aseme zimetimia.

Wabillahi tawfiq.